Kisu cha Jogoo Kilichonifikisha Ikonge

Kila mmoja wenu ameniuliza swali lilelile, na wengine mmeniuliza huku mmejishika mbavu: "Wakesho, kisu kiko wapi?" Basi kaeni. Nitaeleza mara moja tu, nisije nikarudia kwa kila anayepita dukani kwangu kununua sufuria.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa shaka. Nikisalimiwa na nisiyemjua, kwanza naangalia mkoba wangu, kisha ndiyo naitikia. Katika uraibu wetu huu wa kukusanya visu vya kukunja vya zamani, tabia hiyo imenifaa kuliko macho. Mtu asiye na shaka hujaza kabati vyuma vya juzi vilivyofukizwa moshi vikaitwa vya babu.

Lakini safari hii nilishuku kila kitu isipokuwa kile kilichostahili. Nawaambia mapema ili msije mkanilaumu mwishoni: kisu nilichokifuata hakikuwa cha kuuzwa. Kilikuwa ushahidi. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akingoja kujua kama ana kwao au hana, na watu walikuwa wameamua kwamba mimi, muuza vyombo wa Voi, ndiye nitakayewaonyesha njia. Wote walijua hivyo. Mimi tu ndiye sikuambiwa.

Voi hadi Nairobi: kidole gumba

Yote yalianza na picha. Mtu aliyejiita Makori, wa Ikonge kule Nyamira, alikuwa ameziona zile video zangu fupi ninapoonyesha jinsi ya kutambua kisu cha zamani. Akanitumia picha kwenye simu. Kisu chenye mpini wa pembe ya kulungu, bapa kubwa limefunguliwa, na pale chini bapa linapoingia mpinini, chapa: jogoo amesimama juu ya ufunguo.

Jamani, nilikaa chini. Kiwanda cha jogoo na ufunguo kilikufa zamani huko Uingereza, na mimi nimekitafuta kisu chake tangu nilipoanza uraibu huu. Hata yule mwenzetu wa Mwatate anayejivunia kabati la kioo hana.

Ila kidole gumba cha mpiga picha kilikuwa kimefunika nusu ya pili ya kisu. Nikaomba picha nyingine. Ikaja, na kidole kiko palepale. Nikauliza bei. Akajibu, "Tutaongea ukifika. Nauli nitatuma mimi."

Mmewahi kuona muuzaji anayemlipia mnunuzi nauli? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kimejitembeza hadi Voi. Nilijua kabisa kuna jambo. Nikaenda hivyo hivyo, maana tamaa ikishapanda gari, shaka huketi kiti cha nyuma.

Nilibeba kioo changu cha kukuzia, kitambaa laini, kichupa cha mafuta na visu vyangu vichache vya kulinganishia. Hivyo visu ndivyo vilivyoniponza Nairobi, kwenye kituo cha mabasi ya Kisii. Askari wa mlangoni alipitisha kifaa chake juu ya mkoba wangu, kikalia kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Akafungua, akaangalia, akaniangalia.

"Mama, hizi zote ni za nini?"

"Za kulinganisha."

"Kulinganisha na nani?"

Watu kwenye foleni wakasogea nyuma hatua moja. Nilieleza mpaka koo likakauka. Mwishoni aliniruhusu kwa sharti kwamba mkoba ukae kwenye buti, na akanisindikiza hadi nikautia humo.

Baada ya Narok: chungwa

Tulikuwa tumeiacha Narok nyuma basi lilipotoa harufu ya mpira unaoungua, kisha likanyamaza. Dereva alitangaza kwamba mkanda umekatika na mwingine unakuja. Hakusema unatoka wapi. Tukashuka tukakaa kwenye nyasi, upepo ukivuma na ng'ombe wa watu wakitutazama. Buti ilifunguliwa, nami nikauchukua mkoba wangu upesi, kabla hajauchukua mwingine.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuja akaketi karibu nami. Karibu mno, nikaona. Akauliza nimebeba nini.

"Vijiko," nikasema.

"Vijiko," akarudia polepole. Akatoa chungwa mfukoni. "Mama, mimi nilikuwa nyuma yako kwa ile foleni. Nipatie kijiko moja yenye iko na makali, nimenye hii chungwa."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Nikampa kile kidogo, kisicho na thamani, huku jicho langu limeganda kwenye mkono wake. Alimenya chungwa vizuri, ganda likatoka lote bila kukatika, akakipangusa kisu kwa leso. Nikanyoosha mkono nikipokee. Hakunipa. Kumbe alikuwa anatandika leso kwenye nyasi, akakilaza kisu juu yake.

"Chukua mwenyewe," akasema. "Kisu hapana peana mkono kwa mkono. Inakata watu."

"Inakata watu gani, na sisi hatujuani?"

"Sasa tumekula chungwa moja. Tunajuana."

Tukala chungwa. Akaniuliza ninakokwenda, na kwa sababu ya kuona haya kwa ule uongo wa vijiko, nikamweleza ukweli wote: picha, kidole gumba, nauli. Alitafuna muda mrefu.

"Mtu akikulipia nauli, huyo hauzi kitu," akasema. "Huyo ananunua. Wewe uliza tu ananunua nini."

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Mkanda ulipokuja na basi likanguruma, mimi nilikuwa bado nafikiri: nina nini mimi cha kununuliwa?

Keumbu: mtu wa kisu

Makori alikuwa ameniambia nishukie Keumbu, atanipokea. Nilishuka siku ya pili, Ijumaa kabla ya saa sita, maana lile basi lilitulaza Bomet. Hakukuwa na Makori. Kulikuwa na mvua nyembamba, mikungu ya ndizi imepangwa kando ya barabara kama watu wanaosubiri gari, na wanawake waliofunika vichwa kwa mifuko ya nailoni. Nikaingia hoteli ndogo nikaagiza chai na ndizi za kupika.

Sijamaliza kikombe, mama mmoja wa ndizi akachungulia mlangoni.

"Wewe ndiye mtu wa kisu?"

Nikauvuta mkoba mapajani. "Nani amekwambia?"

"Makori alisema mama mnene kidogo, na mkoba ya kahawia." Akanipima kwa macho. "Ni wewe. Anakuja, gari yake iko na shida ya betri." Halafu akasita. "Sasa ile msichana atalia ama atacheka?"

"Msichana gani?"

"Aa. Makori atakuambia." Akarudi kwenye ndizi zake.

Hapo chai ilinishinda. Msichana ametoka wapi kwenye biashara ya kisu? Nikaanza kuhesabu njia za kutoka humo hotelini, na njia ilikuwa moja tu, na ilikuwa imezibwa na kijana wa boda boda aliyevaa koti la mvua. Naye alikuwa amesikia kuhusu mtu wa kisu.

"Mathe, cheki hii. Ni ya babu ya babu yangu. Ya vita."

Akaweka kisu cha kukunja mezani. Cheusi tii, kizee kwelikweli kwa mtu wa kutazama mara moja. Nikakiinua nikakinusa. Chai. Walikuwa wamekichemsha kwenye sufuria ya majani ya chai hadi chuma kikaiva. Lakini hata kama pua yangu ingekuwa imeziba, ningejua. Kisu kilichotumika hakizeeki sawa kila mahali. Pale ukucha unapoingia kukifungua pasingekuwa peusi; pangeng'aa kwa kusuguliwa na vidole vya watu waliokwisha kufa. Hiki kilikuwa cheusi hadi ndani ya kijitundu cha ukucha. Nikakifungua na kukifunga karibu na sikio. Springi mpya hupiga kelele kama mlango wa bati, nayo ilipiga.

"Babu ya babu yako alikinunua juzi," nikamwambia.

Akacheka mpaka kofia ya pikipiki ikamwanguka. "Umenishika, mathe! Lakini si ni kisu bado? Inakata." Akaenda zake bila kinyongo, na mimi nikabaki na hakika moja: nimeingia nchi ambamo chai ni tele na visu huogeshwa ndani yake.

Keumbu hadi Ikonge: muuzaji asiyeuza

Makori alipofika, alasiri, alikuwa na betri ya kuazima na suti. Mtu wa makamo, mwenye duka la dawa za mifugo, sauti ya upole. Alinibebea kila kitu isipokuwa mkoba. Akaomba radhi kwa kuchelewa, akalipa hoteli kabla sijafungua pochi, na njia nzima hadi Nyamira hakutaja kisu.

Nikasema nianze mimi. "Bwana Makori, naomba tuongee bei."

"Tutaongea, mama. Umeona majani chai yetu?" Nikayaona. Yalikuwa pande zote mbili, yamekatwa sawasawa hadi kwenye vilima. "Mimi nataka kukuuliza. Ukiona kisu ni feki, unaweza kusema mbele ya watu?"

"Watu wangapi?"

"Watu tu. Wa nyumbani."

"Nikiona ni feki nitasema hata mbele ya chifu."

"Basi vizuri," akasema, na nikaona mabega yake yameshuka. "Ukiona ni feki, sema. Usiogope mtu. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Nimenunua visu kwa walevi, kwa wajane, kwa watoto walioviiba kwa baba zao. Sijawahi kukutana na muuzaji anayeniomba niseme bidhaa yake ni feki. Nikamuuliza waziwazi, "Kwani wewe unauza au unanunua?"

"Mimi nataka ukweli peke yake."

Mtu akikwambia anataka ukweli peke yake, shika mkoba wako vizuri. Niliushika mpaka Ikonge.

Tulifika bomani jua likizama. Nyumba ya mabati mekundu, mashina ya chai hadi karibu na dirisha, na mama mzee mlangoni aliyenishika mikono yote miwili. Huyo ndiye Mama Nyaboke, mama yake Makori, mjane wa Mzee Ombati aliyezikwa muda si mrefu. Kaburi lilikuwa pale kando, saruji bado ina rangi mpya.

"Bwairire, mgeni wetu," akanisalimu. "Karibu sana. Lakini kisu leo hapana. Jua imeingia. Ni Sabato."

"Kesho basi."

"Kesho ndio Sabato yenyewe. Kisu ni Jumapili."

Nami nikajiambia: hapo ndipo wanapotaka. Wanilaze, wanilishe, wanilainishe, hadi Jumapili nisione kutu hata ikinikodolea macho.

Ikonge: Sabato

Na walinilisha! Chakula chote kilikuwa kimepikwa Ijumaa, Sabato ni kupasha moto tu, lakini ile chinsaga ilikuwa imelala kwenye maziwa usiku kucha na uchungu wake wote umetoka. Mboga hiyo kwetu tunaiita mgagani na tunaila kwa kukunja uso. Pale niliomba mara ya pili, nikajichukia, nikaomba mara ya tatu.

Kanisani nilitambulishwa kama mgeni kutoka mbali. Kanisa zima likageuka kunitazama, si kwa ukarimu wa kawaida bali jinsi watu wanavyomtazama mwamuzi kabla ya mpira kuanza. Mzee mmoja alinishika mkono nje akasema, "Mungu akupatie macho." Nikajibu amina.

Waliponikaribisha chakula cha mchana, msichana mwembamba aliyefunga kilemba cha kijani alileta maji ya kunawa. Nilikuwa nimemwona jikoni tangu jana yake. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemzuia. Alikuwa akifanya kazi kama mtu anayeogopa kukaa. Makori alikuwa akimpita bila kumtazama.

"Wewe ni mtoto wa hapa?" nikamuuliza, kwa kutafuta maneno tu.

Akaendelea kumimina. Maji yakajaa beseni, yakamwagikia viatu vyangu.

"Sijui bado," akasema.

Nikaona ni jeuri. Nikapangusa viatu. Akainama kunisaidia, na akiwa bado ameinama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kisu inaweza kudanganya?"

"Kisu hakiwezi. Mwenye kisu ndiye."

Aliinua uso. Alikuwa na macho ya mtu aliyeambiwa jambo zito, ilhali mimi nilikuwa nimesema lile ninalolisema kwenye kila video.

Ikonge: Jumapili

Asubuhi viti vilipangwa uani, vya plastiki na vya kuazima. Nikahesabu watu hadi nikaacha. Meza katikati, kitambaa cheupe cha kufuma juu yake. Mzee Nyakundi, mdogo wa marehemu, akaomba dua ndefu, kisha akanigeukia na kusema yale ambayo Makori alikuwa ameyaficha nyuma ya kidole gumba.

Yule msichana wa kilemba aliitwa Kwamboka, wa Ogembo. Mama yake alipokuwa anafariki alimpa kisu na jina: Ombati wa Ikonge ndiye baba yako, na hiki alinipa kwa mkono wake. Sasa Kwamboka alikuwa amechumbiwa, na watu wa upande wa mwanamume walikuwa wameuliza wapeleke ng'ombe nyumba gani. Naye hakuwa na nyumba ya kuwaonyesha. Ndugu za mama yake walikuwa wamemwambia aende kwa babake. Alikuja matanga yakiwa yameisha, na kisu mkononi; Makori akabaki nacho hadi kipimwe.

Makori akasimama. "Mimi sichukii mtu. Lakini kisu ya baba naijua. Nikiwa mdogo alikuwa ananionyesha jogoo: moja kwa ile bapa kubwa, moja kwa ile ndogo. Hii iko na jogoo moja. Leo ni ng'ombe, kesho ni shamba. Baba hawezi kujitetea. Ndiyo nimeleta mtu anajua."

Basi hicho ndicho alichokuwa akinunua. Neno langu. Damu ilinipanda. Nimetoka Voi na visu vyangu, nimevunjiwa heshima na askari, nimelala Bomet, ili nije kuwa shahidi kwenye kesi ya watu? Nilisimama niondoke. Kisha nikamwona Kwamboka. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, mikono katikati ya magoti, na hakuwa akinitazama mimi wala Makori. Alikuwa akitazama viatu vya Mama Nyaboke.

Nikaketi. "Nipeni kisu."

Makori alinitia mkononi moja kwa moja, upesi, kama kitu kinachomuunguza.

Wenzangu, kisu kile kilikuwa kizuri hata ningelia. Pembe ya kulungu imelainika kama sabuni. Bapa kubwa, jogoo wazi, kijitundu chake cha ukucha kinang'aa pale kidole kilipopita miaka yote. Springi yake iligonga kwa sauti nzito na fupi. Hiyo nusu ilikuwa ya kweli bila shaka yoyote. Nikageuza upande ambao kidole gumba kilikuwa kimeuficha, nikafungua bapa dogo. Halina chapa. Chuma chake ni kingine, na limesuguliwa kwa tupa shinani ili lienee. Na msumari unaolishika haukuwa wa shaba kama wenzake. Nikaweka kioo cha kukuzia.

Niliona uchungu. Niwe mkweli, ule uchungu haukuwa wa Kwamboka. Ulikuwa wangu. Mnajua sisi tunavyoona: kisu kilichobadilishwa bapa ni kama hakipo, hakiingii kabatini. Nikasema kwa sauti ya kukata tamaa, kama ninayezungumza nanyi.

"Kimeharibiwa. Bapa hili si la kisu hiki. Fundi amelichomeka kutoka kisu kingine, na msumari wenyewe amekata spoku ya baiskeli."

"Mmesikia!" Makori akaruka. "Si ya baba! Mgeni amesema mwenyewe!"

Minong'ono ikazagaa. Kwamboka akavua kilemba, akajifunika uso kwa hicho kitambaa. Ndipo Mama Nyaboke, ambaye tangu ile jioni ya Ijumaa hakuwa amesema neno jingine juu ya kisu, akainua mkono.

"Ngoja. Mgeni, rudia. Huo msumari ni nini?"

Nikafikiri ananitega. "Ni spoku, mama. Upande huu imejitokeza kidogo, na ukiangalia kwa kioo unaona ile mistari ya kufungia nati."

"Ni ya nyuma ama ya mbele?"

"Mama, hiyo mimi siwezi kujua."

"Mimi najua," akasema. "Ni ya nyuma."

Akanisogelea. "Iliwekwa lini? Juzi?"

Nikarudisha kioo. Spoku ilikuwa imesuguliwa na kiganja hadi ikawa sawa na pembe, na kutu yake ilikuwa imeingia ndani ya mpini ikaacha doa la kahawia. Kutu ya namna hiyo haipikwi kwenye sufuria ya chai. "Si juzi. Ni zamani. Huyu msichana alikuwa mchanga, kama alikuwa amezaliwa."

Mama Nyaboke akaanza kucheka. Alicheka kwa tumbo, machozi yakimtoka, hadi Mzee Nyakundi akainuka kumshika.

"Mayai yangu!" akasema. "Ombati, mayai yangu! Alikuwa na baiskeli. Alikuwa ananibeba kwa keria twende soko ya Ikonge, mimi nimeshika trei ya mayai. Siku hiyo gurudumu ya nyuma ikayumba, tukaanguka hapo chini kwa daraja. Trei yote. Tukaangalia, spoku hakuna. Nikauliza nani ametoa spoku. Akaapa ni mtoto. Halafu siku si nyingi kisu pia ikapotea. Ati imeanguka pale kituo ya majani chai." Akajipangusa macho kwa kanga. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Kumbe alitoa spoku atengeneze hiyo bapa ndogo, na kisu ikaenda Ogembo. Na spoku yangu ndani."

Nikamtazama Makori. Alikuwa bado amesimama, lakini ile suti ilikuwa kama imeazimwa kwa mtu mkubwa kuliko yeye.

"Mtoto ni mimi," akasema.

"Ni wewe," mama yake akaitikia.

"Nilichapwa. Niliambia baba sikuchukua. Akachapa. Nikasema sijui. Akachapa." Sauti yake ilikuwa imekuwa ya shule ya msingi. "Mwisho nikasema ndiyo, nimechukua, nimetupa mtoni. Ndio aache. Akanituma nitafute. Niliingia kwa maji nikitafuta kitu yenye haiko."

Kuku alipita chini ya meza. Makori akanyoosha mkono, nami nikampa kioo na kisu, naye akainama akaangalia ule msumari muda mrefu, kama mtu anayesoma jina lake mahali asipotarajia.

"Mimi nilisema sikuchukua," akasema, na akamtazama Kwamboka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Kumbe mtu anaweza kusema ukweli na asiwe na kitu ya kuonyesha."

Kisha akafanya jambo ambalo nililielewa kwa sababu ya yule mzee wa chungwa. Hakumpa kisu mkononi. Alikipangusa kwa tai yake, akakilaza juu ya kitambaa cheupe mbele yake, akarudi nyuma.

"Chukua mwenyewe," akamwambia.

Kwamboka hakuchukua. Alimtazama Mama Nyaboke. Na kwa kweli ndiye aliyekuwa na la kusema, maana wengine wote walikuwa wamepata ndugu. Yeye peke yake ndiye alikuwa amepata jeraha.

"Inauma," Mama Nyaboke akasema. "Nisidanganye, inauma. Mama yako alijua hiyo spoku ilikuwa yangu?"

"Hapana, mama. Alikuwa anasema tu ni kisu ya baba."

"Basi mimi na yeye hatuna kesi. Kesi yangu iko na huyo amelala pale." Akaelekeza kidevu kwenye saruji. "Nitaongea na yeye jioni. Wewe chukua kisu. Uingie jikoni ukate mboga, lakini si kama mgeni. Na hao watu waambie ng'ombe walete hapa."

Kurudi

Niliondoka asubuhi iliyofuata. Kabla gari halijawaka nilimwona Makori amemtangulia Kwamboka kwenye mashina ya chai, anamwonyesha kwa fimbo mahali shamba linapoanza na linapoishia. Yule aliyeogopa shamba kuliko ng'ombe! Niliwatazama mpaka vichwa vyao tu ndivyo vikabaki juu ya majani.

Makori alinipeleka Keumbu mwenyewe. Njiani aliniomba radhi kwa kunidanganya, nikamwambia nilikuwa nimemshuku tangu kile kidole, ila nilimshuku vibaya: nilidhani anaficha thamani ya kisu, kumbe alikuwa anaficha hofu. Yule kijana wa boda boda alinipungia mkono akapiga kelele, "Mathe, ile yangu ingali iko!" Mama wa ndizi naye alitaka kujua alilia au alicheka. Nikamwambia waulize wenyewe, walifanya yote mawili.

Mama Nyaboke alinifungia mayai ya kuchemsha, mengi kuliko ninavyoweza kula. Niliyagawa njiani, na mtu aliyeketi karibu nami aliponiuliza nina nini kingine mkobani, nilimwambia visu. Alihamia kiti cha mbele.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri ningeweza kunyamaza kuhusu ile spoku, nikakinunua kwa Makori baada ya msichana kufukuzwa, na leo yule wa Mwatate angekuwa analia. Nimelifikiri hilo pia, zaidi ya mara moja. Nikifungua kabati langu sasa, visu vyangu vyote vya kweli, visivyowahi kuguswa na fundi, naviona vimekaa kama watoto ambao hawajawahi kutumwa dukani.

Kisu cha jogoo kiko wapi? Kiko kwao. Na Kwamboka pia.